Siku Niliyoisalimia Intaneti

Mara yangu ya kwanza kuingia kwenye intaneti, niliisalimia. Niliketi wima, nikagonga kwa kidole kimoja: "Hujambo? Natumai u mzima wa afya. Nimekuja na swali." Dada wa saiba, duka la kulipia intaneti, akachungulia begani pangu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wee, hiyo si shangazi yako! Andika jina la tamthilia yako tu."

Wa rika langu mtazikumbuka saiba za kwanza za Eastlands, Nairobi. Yetu ilikuwa juu ya bucha, karibu na Soko la Burma. Ngazi zilinuka nyama choma, na kompyuta zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama redio ya baba. Kwangu kufika huko ilikuwa safari. Wenzangu wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani, mimi bano, gololi zangu, nililichezea chini ya kitanda, mama akisema, "Huyu hata jua halimjui."

Kilichonitoa nyumbani ni tamthilia. Mwalimu wa fasihi alinifanya mfalme katika mchezo mmoja wa kale mno, wa kuigizwa siku ya wazazi. Mwana wa mfalme anarudi kutoka vitani peke yake, jeshi lote limekwisha, anabisha lango la mji, na baba anakataa kumfungulia. Maneno niliyakariri yote bila kuyaelewa. Mwalimu akachoka. "Kasuku ana afadhali. Jumatatu usiponiambia kwa nini hafungui, taji nampa mwingine."

Basi pale saiba nikaandika jina la tamthilia, ukurasa ukaanza kushuka, mstari kwa mstari, polepole kama uji mzito. Kwanza picha: ukumbi wa mawe uliochongwa ubavuni mwa mlima. Kisha watu, jamani! Watu wa nchi nisizowahi kuzisikia, wakibishana juu ya lango lile lile langu! Mmoja akaeleza: mji umejaa akina mama waliompa mfalme wana wao. Lango likifunguliwa, wataona ni wa mfalme tu aliyerudi. Kumbe mzee hakuwa na hasira, alikuwa na aibu. Chini kwenye bucha shoka linapasua mifupa, mimi huku juu nywele zimenisimama. Maneno ya watu waliokufa zamani hizo, yamenifuata mpaka Burma!

Leo wanangu wanaiuliza simu huku wanatafuna chipsi. Jibu linafika kabla swali halijaisha, wala hakuna anayeshtuka. Nawaonea wivu, na huruma kidogo.

Jumatatu nilijibu, taji likabaki kwangu. Siku ya wazazi nilisimama mbele ya lango letu, milango ya kabati bovu, mwana akibisha kwa nyuma. Sikuligeukia. Niliwatazama akina mama waliokaa mbele, mmoja mmoja, nikasema, "Lisifunguliwe." Sauti ikatetemeka yenyewe. Ndipo Mama Ndunge, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuja na mama, akasimama na kufoka:

"Wewe, fungulia mtoto! Wetu tutawalilia, lakini huyo wako amefika!"