Begi la Kwenda Lambwe

Baba alikuwa na sheria moja ya kufunga begi la safari: litoke nyumbani likiwa nusu. Chini alipanga blanketi, sufuria ndogo, chumvi, kiberiti kilichofungwa kwa nailoni, shati la kubadili na leso za mama. Juu aliacha hewa tupu. Ukimwuliza kwa nini, anakutazama kana kwamba umeuliza kwa nini watu hula kwa mdomo. Hewa ile ilikuwa nafasi ya njugu za shangazi, ya viazi vitamu vya binamu, ya kuku aliyefungwa miguu kichwa kikichungulia nje. Huku kwetu hupiti nyumba ya ndugu yako bila kuingia, na hutoki bila kubebeshwa kitu.

Kila mwaka baada ya kuvuna mahindi, yeye na mama walitembea kwa miguu kutoka kwetu, nje kidogo ya mji wa Migori, wakapitia Uriri na Ndhiwa mpaka bonde la Lambwe, alikozaliwa mama. Walilala kwa ndugu njiani. Majirani waliwacheka, maana pikipiki zimejaa mpaka zinagombania abiria. Mama alikuwa akiwaambia kwamba kwa gari mtu hufika tu, haendi.

Mwisho wa njia alikuwako nyanya, mama yake mama, ambaye alipofuka zamani. Hakuwa na haja ya kuuliza nani amekuja. Aliinama pale mlangoni, akapapasa viatu vilivyovuliwa, kimoja baada ya kingine, kisha akamtaja mwenye navyo. Vya mama alivitambua kwa kisigino cha kulia kilicholika upande mmoja. Akishavigusa, anaamuru kuku achinjwe.

Kisha baba akafa, na mama akawa chi liel, yaani mke wa kaburi. Ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita mjane ambaye hajafanyiwa mila. Mpaka afanyiwe, halali nyumba ya mtu wala hakanyagi kwao alikozaliwa. Zamani ilikuwa lazima arithiwe na shemeji yake. Siku hizi hata wanaoshikilia mila wameridhika na koti: koti la shemeji linatundikwa kwenye msumari chumbani kwa mjane usiku mmoja, asubuhi linachukuliwa, na mambo yameisha. Baba mkubwa alikuja na lake amelikunja vizuri mkononi, kwa heshima kabisa. Mama akampa chai. Alipomaliza kunywa, mama akamwambia, "Shemeji, ule msumari una koti tayari."

Lilikuwa koti la mvua la baba. Baba mkubwa alikitazama kikombe chake kitupu, akashukuru, akaenda zake na koti lake.

Mimi niliwakasirikia wote wawili. Koti ni kitambaa na vifungo, nilimwambia mama, liache lining'inie hapo usiku mmoja uwe huru. Alininyamazia mpaka kesho yake jioni, na kwa mama huyo ninayemjua mimi, kuninyamazia ni kunipiga.

Mwaka uliofuata, mahindi yakiwa bado uwanjani yanakauka, zikaja habari kutoka Lambwe kwamba nyanya anakula kidogo sana, na kwamba kila asubuhi anainama mlangoni kupapasa viatu vya watu wa nyumbani, halafu anarudi kulala. Mama alizisikia habari hizo akiwa amesimama. Akaniambia, "Mwanangu, tutatembea, wewe na mimi. Funga begi la baba yako."

Mimi hutengeneza pampu za kunyunyizia dawa, zile za kubebwa mgongoni, kwa wakulima wa tumbaku pale Kehancha. Kutembea sikuwa na mazoea nako. Basi nikawa kila Jumamosi najaza pampu maji, naibeba mgongoni, natembea kuelekea Kegonga mpaka mabega yanawaka moto. Waendesha boda boda walinipigia kelele, "Fundi, hiyo tumbaku unaenda kunyunyizia iko Tanzania?" Jioni nilitazama kwenye simu video za wageni wanaofundisha kufunga mabegi: kizito kikae karibu na mgongo, chepesi chini, maji pembeni. Niliona nimeelimika kumshinda marehemu baba.

Nilipoanza kupiga simu kwa ndugu wa njiani, elimu hiyo ikanishinda. Walifurahi kunisikia. Waliuliza mvua, waliuliza mahindi. Nikimtaja mama, sauti inashuka. "Apite tu asalimie, lakini kulala, unajua mwenyewe." Nilijua mwenyewe. Mmoja alinishauri tuanze alfajiri na tufike siku hiyo hiyo, kama vile mama yangu ni ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Nikapata akili ya hema. Nilikwenda Migori mjini kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka pande za Garissa, ambaye anauza vya mitumba vya kila aina. Akanifungulia hema la kijani pale kwenye veranda ya duka. "Hii ni ya watu wawili, bosi. Inakaa kwa bega tu." Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi, nikalisimamisha uwanjani. Mama akalizunguka, akainama, akachungulia ndani.

"Na nani analala hapa?"

"Mimi na wewe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu matanga. "Mwanamume mzima na mama yake, paa moja? Hata hao wazungu wa simu yako wanaona haya."

Alikuwa amesema kweli, na mimi, niliyehama nyumba yake nikiwa nimeanza tu kuota ndevu, nilikuwa nimesahau kabisa. Nikarudi dukani kuchukua hema la pili. Mwenye duka aliniuliza kama tumekuwa wanne. Nilipomaliza kupanga, begi la baba lilijaa mpaka zipu ikalia, na hema la pili nikalifunga juu yake kwa mpira wa tyubu. Mama alilitazama, akalipiga kofi dogo.

Tumaini letu lilikuwa mama mdogo, dada yake mama wa tumbo moja, aliyeolewa mbele ya Uriri. Kwake ndiko baba na mama walikolala usiku wa kwanza miaka yote. Kwenye simu alisema, "Njooni, tutaona." Nilimwamini. Nilijiambia kwamba dada akimpokea, ndugu wa Ndhiwa ataona aibu kukataa, na Lambwe nako wajomba watalegea. Mama alikaza kamba za viatu.

Tuliondoka jua likichomoza. Mama alitembea mbele, mwepesi, akisalimia kila mtu, akinionyesha mahali baba alipopenda kupumzika na kisima ambacho maji yake aliyasifu. Mimi nilifuata nyuma nikihema na mizigo yangu ya kisasa. Kwa saa chache nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ya kijinga, ya mtu anayeona jambo lake linakwenda.

Mama mdogo alitupokea langoni. Nje ya lango. Alimkumbatia mama, akamshika mikono, lakini hakusogea kutupisha. Nyuma yake, kwenye veranda, alikaa mkwe wake, mwanamke mzee mwenye sauti isiyotetemeka. Nikaona nilimalize jambo hilo kwa adabu. Nikapaza sauti, nikamwamkia, nikamwambia hatutaki kulala ndani ya nyumba yake, tunaomba tu nafasi uwanjani, tumekuja na mahema.

"Hema ni nini?" akauliza.

Nikalitoa moja, nikamwonyesha.

"Iko na mlango?"

"Uko."

"Na paa?"

"Liko."

"Basi hiyo ni nyumba. Unataka chi liel ajenge nyumba kwa boma yangu, na wanaume wa hii boma wako hai?"

Nilicheka. Nilidhani na yeye atacheka. Nikasema, mama, ni nailoni hii, inakunjwa. Hakuna aliyecheka, hata mama yangu. Nyumba kwetu hainyanyuki tu mahali mtu alipochokea: ina wa kuichagulia mahali, ina wa kuanza kuchimba, na mjane akiinua paa kwenye boma la watu anawaletea msiba. Nilikuwa nimenunua nyumba mbili, nikazibeba mgongoni tangu asubuhi, ili niombe ruhusa ya kufanya jambo lililo baya kuliko lile tulilokatazwa.

Walituletea chakula nje. Mama mdogo alitandika mkeka kando ya ua, akaleta ugali na samaki, akakaa nasi bila kula, machozi yakimtoka. Mama alikula vizuri. Alimaliza, akanawa, akashukuru. Mama mdogo akatoa mfuko wa njugu. Nikafungua begi, nikasukuma, nikakandamiza, hata ngumi moja haikupata pa kuingia. Mama akauchukua mfuko akaushika mkononi.

Nilimwambia tusonge mbele, tutaomba uwanja wa shule au wa kanisa. Alitikisa kichwa. "Dada yangu ndiye huyu. Kama huyu ameshindwa, kaka zangu wataniambia nini? Nifike Lambwe nimsalimie mama nikiwa nje ya ua, na yeye haoni?"

Akasimama barabarani, akainua mkono kusimamisha pikipiki. Mama yangu, ambaye maisha yake yote aliidharau njia ya Lambwe kwa magurudumu, alipanda pikipiki kurudi nyumbani, njugu zikiwa mapajani.

Nyanya alikufa mvua za masika zilipoanza. Wajomba walituma salamu kwamba mimi niende na mama abaki, mpaka atakapomaliza mambo yake. Niliudhika, nikamwambia mama amwite baba mkubwa na koti lake leo hii hii. Akasema, "Ili nikamwone akiwa amelala? Alipokuwa akivipapasia viatu vyangu kila asubuhi sikuliita koti hilo."

Alinifungia begi mwenyewe. Blanketi, shati, chumvi, kiberiti kwenye nailoni. Aliacha juu nafasi, halafu akavua viatu vyake, akavifuta kwa leso mpaka vikang'aa, akaviweka ndani.

"Vipange mlangoni kwa mama. Ajue nimefika."

Nilitembea. Sikulazimishwa na mtu. Ndugu wote wa njiani walinikaribisha, nikalala kwa mama mdogo, nikalala Ndhiwa, begi likazidi kujaa. Lambwe nilikuta watu wengi na mvua nyingi. Nilivipanga viatu vya mama mlangoni, kisigino kilicholika kikielekea ndani, kisha nikaingia kumtazama nyanya. Nilipotoka, mjomba mkubwa alikuwa amevisimamia. Hakuniuliza ni vya nani. Alivijua kama mama yake alivyovijua. Akaingiza fimbo kwenye kamba, akavinyanyua, akavuka uwanja wote mbele za watu, akavitupa nje ya ua. Alikuwa akilia alipofanya hivyo, na nilikosa hata nafasi ya kumchukia.

Baada ya mazishi niliviokota kwenye tope. Nilivisugua kwa majani, nikadhani vimetakata.

Nyumbani mama alinipokea begi, akatoa njugu, akatoa viazi, akatoa viatu. Aliuliza nani walikuja, nani alilia sana, kaburi lilichimbwa upande gani. Nilijibu yote. Mwisho akauliza, "Uliviweka?"

"Niliviweka mlangoni, mama."

Akavigeuza. Kwenye soli, ndani ya mikato yote, lilikuwa limekauka lile tope jeusi la Lambwe. Akaligusa kwa kidole gumba, taratibu, kiatu kimoja, halafu cha pili.

"Mlangoni kwa mama ni saruji," akasema.

Akaniomba kisu cha jikoni, akakaa chini, akaanza kukwangua.