Programu Ilimuuliza Mwalimu Anande

Ikifika saa kumi na moja jioni, Mwalimu Anande huchomoa kila kitu. Huchomoa chaja, huchomoa waya wa printa, huchomoa hata birika la umeme ambalo halijatumika siku hiyo. Kompyuta yake ya kwanza iliunguzwa na umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba kuzima swichi ya ukutani kunatosha. Mimi natengeneza kompyuta chumba cha pili kutoka chake, hapa Levolosi. Kwa miaka mitatu nimejua jioni imefika kwa kusikia kabati lake la chuma likifungwa.

Alifundisha shule ya msingi huko Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru, miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu hakufungua duka wala hakufuga kuku. Alinunua kamera akaanza kuwazungukia wazee, akiwarekodi wakiongea Kimeru: nani alichimba mfereji upi, nani alioa wapi, mpaka wa kihamba cha nani, shamba la urithi, unapita kwenye mti gani. Hakutumwa na mtu. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua.

"Nimewafundisha watoto wao kusoma vitabu vya watu wengine maisha yangu yote," alisema. "Acha na mimi nisome vya kwao."

Katika mji huu wenye vyuo, ofisi na makongamano ya kila wiki, kazi hiyo ilikuwa imeachiwa mwanamke mmoja mwenye kamera moja na goti bovu. Tunawazika wazee kwa turubai na vipaza sauti, tunasoma historia ya marehemu kwa dakika sita, kisha tunakwenda kula. Walichokijua kinabaki shimoni. Nitaliandika hili hata likiwaudhi watu.

Rekodi zake alizihifadhi mtandaoni, kwa sababu aliogopa wezi kama alivyoogopa umeme. Mimi ndiye niliyemwekea ile programu. Kwenye kompyuta ilionekana kama folda ya kawaida: unatupia video ndani, jina lake linatokea kwenye orodha, umemaliza. Lakini jina kutokea kwenye orodha si sawa na video kufika. Kwanza programu huweka nakala kwenye diski ya kompyuta yako, katika folda yake ya muda, halafu huipandisha mtandaoni polepole kadiri mtandao unavyoruhusu. Hilo nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, kama mafundi tunavyoeleza. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, nami nikaridhika.

Mwezi wa pili diski ya kompyuta ilijaa. Aliingia kwenye mipangilio peke yake, akaona pameandikwa mahali pa kuweka folda ya muda, akachagua eksteno yake mpya, ile diski ya nje ya kuchomeka. Alichagua sawasawa kabisa. Tatizo ni kwamba saa kumi na moja jioni eksteno nayo ilichomolewa ikafungiwa kabatini, pamoja na kila kilichokuwa bado hakijapanda.

Wiki hiyo alimrekodi Mzee Hans.

Mzee Hans alikuwa na miaka themanini na minne, na kihamba cha migomba na kahawa kinachoshuka kutoka nyumbani kwake hadi kwenye mfereji. Alikuwa na watoto wawili. Prosper anauza vifaa vya ujenzi Daraja Mbili. Rachel alirudi nyumbani ndoa ilipovunjika, akamuuguza baba miaka tisa. Sheria ya nchi inasema lake, na vikao vya ukoo vinasema lao. Huko binti aliyeolewa akarudi hupewa chumba, hapewi ardhi. Mzee Hans alitaka Rachel apewe ardhi. Alimwita Mwalimu Anande siku ambayo watoto wote wawili hawakuwepo, akatembea naye kwenye mpaka wote huku akisema hiki ni cha nani na kile ni cha nani. Alipanga kuuita ukoo baada ya Pasaka auambie mwenyewe.

"Nisipofika," alimwambia, "hicho kidude chako kitasema."

Video ilikuwa kubwa. Mwalimu aliitupia kwenye folda, akaona jina "Hans, mipaka" kwenye orodha, akafuta memori kadi ya kamera ili aitumie tena. Jioni akachomoa. Kesho yake aliwasha kompyuta kabla ya kufungua kabati, na programu ikamuuliza: mahali palipochaguliwa hapapatikani, je, ichague pengine? Akabonyeza ndiyo. Ikarudi kwenye diski ya kompyuta, ikaanza upya bila video, jina tu likibaki kwenye orodha. Siku chache baadaye alifungua eksteno akakuta folda iliyojaa mafaili yasiyo na majina, namba tupu, hakuna lililokubali kufunguka. Akayaona ni takataka. Akayafuta, akajaza eksteno kwa rekodi nyingine.

Mzee Hans alifariki wiki moja kabla ya Pasaka.

Rachel alikuja Levolosi siku ya tatu baada ya mazishi, khanga nyeusi mabegani. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa Jumamosi.

"Shikamoo Mwalimu. Baba aliniambia uko nayo."

"Marahaba mwanangu. Ninayo. Kaa."

Jina lilikuwepo kwenye orodha. Alibonyeza mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Niliitwa. Nilifanya kazi kwenye ile eksteno siku mbili kwa kila programu ya kufufua mafaili ninayoijua. Mahali video ilipokuwa, alikuwa amejaza juu yake saa kumi na mbili za nyimbo za akina mama wa Akheri. Sikupata hata sekunde moja.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia tuandike malalamiko, kwamba programu inayompa mtu mafaili ya namba tupu bila kumwonya imetengenezwa na watu wasiojali, na kwamba kosa ni lao na langu.

"Iliniuliza," alisema. "Iliuliza mahali, nikajibu bila kusoma. Nimewachapa watoto wangapi kwa kujibu swali ambalo hawajalisoma? Usinitafutie mtu wa kumlaumu, baba."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitakwenda Jumamosi. Utanishika mkono, njia ina utelezi."

Kikao kilikaa uani kwa marehemu, chini ya turubai la msiba ambalo lilikuwa bado halijarudishwa. Mzee Aminiel, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeongoza. Mwalimu alisimama kabla hajaitwa, akaeleza yote: eksteno, kabati, swali la programu, namba alizozifuta. Hakupunguza kitu. Halafu akasema, "Video haipo. Lakini nilitembea na Mzee. Mkiniruhusu nitawapitisha alipopita."

Prosper alicheka kidogo, bila furaha. Naye alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, wewe si ndiye uliyenipa sifuri hesabu ya darasa la sita? Jibu lilikuwa sahihi. Ukasema bila njia hakuna alama."

"Nilisema."

"Njia iko wapi leo?"

"Njia ni hiyo hapo nyuma ya zizi, Prosper. Ukiona nakosea, nipe sifuri mbele ya watu wote."

Watu waliguna, wengine wakacheka. Mzee Aminiel akainuka, akachukua fimbo yake. "Twendeni. Kusikiliza hakuuzi shamba."

Tulikuwa watu kama ishirini. Mwalimu alikwenda taratibu, mkono mmoja kwenye bega langu, na kila alipopita Mzee Hans naye alipita, aliposimama Mzee naye alisimama. Kwenye mringaringa alisema, "Hapa aliweka mkono kwenye mti akasema: kuanzia hapa kushuka hadi mwisho nitakaouonyesha, upande jua linapochomoza, ni wa Rachel." Alisema kwa Kimeru, kwa maneno ya mzee yenyewe, na mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia, kwa sababu marehemu ndivyo alivyozungumza.

Hatua kama hamsini chini ya mti alisimama tena, mahali pasipo na kitu.

"Hapa alipumzika. Alisema hapa ndipo alipomkuta Prosper amejificha siku alipoangusha taa ya chemli, stoo ya kahawa ikaungua. Alisema hakumpiga. Alikaa naye kwenye majani mpaka alipoacha kutetemeka, wakakubaliana kusema ni panya."

Mzee Aminiel alimtazama Prosper. "Stoo ile? Miaka yote tumesema ni panya."

Prosper alivua kofia. "Tulikuwa wawili tu hapa," alisema. "Mimi na baba. Endelea, Mwalimu."

Tukashuka hadi kwenye jiwe kubwa jeusi. Chini ya jiwe ardhi inaporomoka ghafla hadi kwenye mfereji, na hapo ndipo penye kahawa nzuri kuliko kote, karibu na maji. Rachel ndiye aliyeipalilia miaka tisa. Mwalimu alisimama, akautazama mteremko.

"Endelea," Prosper alirudia, kwa upole. Ungemwambia lolote saa ile angekubali. Wote wangekubali. Nilibana mkono wa Mwalimu. Nilitaka aseme neno moja tu, mferejini, na nakiri hapa kwamba kama ningekuwa mimi ningelisema.

"Hapa nilibaki," alisema Mwalimu. "Goti lilikataa. Mzee alishuka peke yake na kimaikrofoni kwenye koti, kamera ikawa inamchukua kutoka hapa. Alisema maneno mengi kule chini. Kimaikrofoni kilisikia. Mimi sikusikia. Nilipanga kuyasikiliza baadaye, wakati wa kuyaandika."

"Hukusikia kabisa?" Rachel aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku nzima.

"Sikusikia, mwanangu."

"Hata alivyoonyesha mkono?"

"Alionyesha pande zote. Siwezi kukudanganya."

Wazee walikaa kando, wakazungumza kwa sauti ya chini. Uamuzi wao ulikuwa mfupi: kuanzia mringaringa hadi jiwe ni mali ya Rachel, yake na watoto wake, na atakayebisha abishane na marehemu. Chini ya jiwe, kwa kuwa hakuna aliyesikia, ibaki kama desturi ilivyo, yaani kwa mtoto wa kiume. Prosper alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaangalia kahawa ile kule chini, akaufunga.

Binti alikuwa amepewa ardhi mbele ya ukoo, na mimi, mtu wa kupigania mambo hayo, nilipaswa kushangilia. Nilikuwa nahesabu hatua za kutoka jiweni hadi majini. Kila moja ilikuwa ndani ya lile faili lisilo na jina.

Wakaleta miche ya masale ya kuweka mpaka. Rachel alichukua jembe akachimba mwenyewe, kandokando ya jiwe, bila kumtazama mtu. Mwalimu Anande alipiga goti zima, lile bovu akalinyoosha pembeni, akaushika mche wima shimoni. Rachel alisita. Kisha akaanza kurudishia udongo kwa mikono, akiushindilia kuizunguka mizizi na vidole vya mwalimu, na hakumwambia autoe mkono.