Tulivyomrekodi Dada Billa Ndani ya Kabati

Mama wa posta alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kifurushi mkononi, kabati langu la nguo likaanza kuimba.

Si kuimba tu. Lilikuwa linakanyaga pia. Henga zinagongana ndani, mlango unatikisika, na sauti ya mwanamke inamtukana mfalme.

Mama wa posta akanitazama. Nami nikamtazama.

"Ni dada yangu," nikamwambia. "Anarekodi."

"Ahaa," akasema, kana kwamba nyumba zote za kijiji ziko hivyo. Akaweka kifurushi mezani polepole kisilie, akatoka kwa kunyata. Sijausahau wema ule.

Mkwe wangu Hanus alikuwa amekaa sakafuni, hedifoni masikioni. Hakujua hata kama mtu ameingia.

Ngoja niwaeleze tulifikaje huko.

Huku kwetu visiwa vya Faroe, utenzi hauimbwi umekaa. Watu wanashikana mikono, wanafanya duara, wanakanyaga sakafu. Mmoja anaongoza beti, wengine wanaitikia. Kijiji chetu kina utenzi wake, wa mwanamke aitwaye Gunnvør aliyevuka bahari mpaka kwa mfalme wa Norwe kudai kondoo wake dume aliyeibwa.

Beti zake zinapita mia. Kiitikio na mahadhi tunavijua sote. Lakini beti zenyewe, safari yote na matusi yote, alikuwa nazo mtu mmoja tu: dada yangu Billa.

Hazijaandikwa popote. Mama yetu alisema tukiziandika, miguu itazembea. Tukamwamini.

Kisha Billa akaanza kusahau.

Kwanza ilikuwa birika kwenye moto. Halafu majina ya wajukuu. Daktari alitueleza kwa upole, amemshika Billa mkono muda wote, kwamba kilichoondoka hakitarudi. Tulipotoka nje Billa hakuuliza habari zake mwenyewe.

Aliuliza, "Na Gunnvør naye ataondoka?"

Nikamfunga vifungo vya koti, tukaenda nyumbani.

Kwenye harusi moja majira ya joto aliruka kutoka bandarini moja kwa moja hadi mlangoni mwa mfalme. Dhoruba yote ikapotea, meli haikuonekana. Tuliitikia tu kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo Hanus aliponijia. "Mama, tumrekodi mama mkubwa. Hapa hapa nyumbani. Tunafungua studio."

Hanus ni fundi wa injini za boti. Ukimpa injini anaisikiliza kwanza kabla hajaigusa. Nikadhani na maiki itakuwa hivyo hivyo.

Wapi bwana.

Aliingia mtandaoni kutafuta maiki nzuri, akapotelea huko. Kila mtu anaapia ya kwake. Huyu anasema maiki bila kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta ni kazi bure. Yule anasema kisanduku bila chumba kizuri ni kazi bure. Wa tatu anasema hao wote hawajui kitu, siri iko kwenye programu.

Binti yangu Durita akamuuliza mumewe, "Kuna yeyote kati yao aliyewahi kurekodi chochote?"

Hanus akajifanya hajasikia.

Maiki ya kwanza ikaja. Ilikuwa sikivu kupita kiasi. Billa akaimba beti chache sebuleni, tukasikiliza. Tukasikia friji. Tukasikia saa ya ukutani. Upepo kwenye nyasi za paa. Kondoo wa jirani anatafuna. Halafu kitu kama mlango wenye kutu.

"Hicho nini?" nikauliza.

"Ni goti lako, mama," Hanus akasema kwa heshima.

Maiki ya pili ilikuwa ile wanayotumia waimbaji wa jukwaani. Hiyo haisikii kitu kilicho mbali na mdomo. Kondoo kimya, goti kimya. Tatizo, Billa akiimba anakanyaga kwenda kushoto, na maiki inabaki pale pale. Kila ubeti tulipata neno la mwanzo na neno la mwisho.

"Gunnvør," ikasema spika. Kimya kirefu. "Kondoo."

"Si ndiyo habari yenyewe hiyo," Billa akasema. "Mmemfupishia vizuri."

Ile maiki ya kwanza Billa aliiona imekaa peke yake juu ya stendi, bila nguo, akaihurumia. Akaifumia sweta. Tulimcheka sana, lakini Hanus alipoijaribu, upepo ulikuwa umekatika kabisa. Kumbe maiki nazo huvalishwa. Ikarudishwa kazini na sweta lake.

Kisha Hanus akasoma mahali kwamba chumba bora cha kurekodia ni kabati lililojaa nguo, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. La kwangu ni kubwa, na makoti ya marehemu mume wangu bado yamo. Tukamwingiza Billa humo na taa ndogo, maiki na hedifoni.

Programu aliyokuwa nayo Hanus ilitaka mwimbaji afuate mapigo. Tak, tak, tak, masikioni.

"Anayegonga ni nani?" Billa akauliza kutoka ndani.

"Ni kompyuta, mama mkubwa. Inakusaidia usipotee."

"Mwambie apunguze mwendo. Gunnvør bado anaaga watoto."

Hanus akayazima mapigo. Billa bado haimbi.

"Sasa nini tena, dada?" nikamuuliza.

"Mikono yangu haina mtu. Nikiwa peke yangu beti haziji, mdogo wangu."

Hanus akachungulia kabatini. "Shika mikono ya makoti, mama mkubwa. Moja kushoto, moja kulia."

Msicheke. Ilifanya kazi. Beti zilimiminika, na ndipo mama wa posta alipotukuta.

Kifurushi chenyewe kilikuwa na waya. Hauingii popote mpaka leo.

Tulifika karibu nusu ya utenzi, tukasikia kishindo. Kimya.

"Hanus," Billa akaita. "Mtu wa kushoto ameanguka."

"Ni koti, mama mkubwa."

"Najua ni koti. Lakini alikuwa anakwenda vizuri."

Tukalitundika tena. Beti zilikuwa zimeshakatika. Billa alisimama kati ya nguo zile, ameshika mkono wa koti la mume wangu, ananitazama kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Inatosha makabati," nikasema. "Tuite watu."

Hanus akaogopa kelele. Duara zima, viatu, vikohozi, sakafu ya mbao? Akarudi mtandaoni, akaja na programu mpya. Hii inafuta kelele papo hapo, wakati inarekodi, na inahifadhi kile kilichosafishwa tu. Walioitumia wameisifu mno. Akaijaribu kwa kuongea karibu na friji, na friji ikapotea kabisa.

"Imetengenezwa kwa ajili ya nini?" nikamuuliza.

"Mikutano ya ofisini, mama."

Nikaona hakuna tofauti. Watu wamekusanyika, mmoja anasema sana, wengine wanaitikia.

Jumamosi mchana wakaja. Walileta nyama kavu ya kondoo na keki ya mabua machachu ya rubabi, na mmoja alileta kiti cha Billa cha kupumzikia bila kuombwa. Hanus akatungika maiki darini, juu ya kichwa cha Billa, imevaa sweta.

Na Tróndur naye akaja.

Tróndur ni jirani, mfuga kondoo, mrefu kama mlingoti. Sauti yake akiimba ni kama boti inayogoma kuwaka. Tulipokuwa shule aliambiwa yeye akanyage tu, kuimba awaachie wenzake. Tangu hapo anasimama kulia kwa Billa kwenye kila duara, anachezesha midomo.

"Tróndur, leo hasa," mtu akamtania. "Tunarekodi. Hata pumzi usitoe."

"Nitapumua kesho," akasema.

Hanus akaomba tuvue viatu, ili kupunguza vishindo. Tukavua. Tukaanza na soksi zetu, tunateleza tu kama watu wanaopiga deki. Billa akasimama kwenye ubeti wa kwanza.

"Siisikii sakafu."

Tukavaa viatu.

Sijui niwaeleze vipi mchana ule. Mara sakafu ilipoanza kuitika, Billa alirudi kuwa dada yangu wa zamani. Alimtoa Gunnvør nyumbani, akampitisha mlango baada ya mlango, hadi bandarini.

Hapo akapotea.

Nilimwona. Midomo wazi, macho yanatafuta. Sisi tukarudia kiitikio. Tukakirudia tena. Hakuna aliyemkodolea macho, kila mtu alitazama mbele na kukanyaga pale pale kama vile ndivyo utenzi ulivyotungwa. Halafu akavuta pumzi na meli ikaingia kwenye dhoruba.

Alifika mwisho. Mfalme alimrudisha kondoo. Billa akaketi kwenye kiti chake, uso umelowa jasho.

"Nimemfikisha nyumbani," akasema, na sauti yake ilikuwa imeisha.

Sote tulijua hatauimba hivyo tena.

Hanus akabonyeza tusikilize.

Kimya.

Kimya kingine.

Halafu sauti yangu mwenyewe, safi kabisa: "Nani amemaliza keki?"

Kimya. Durita: "Umenikanyaga."

Kimya.

Hanus akabonyeza huku na huku, rangi imemtoka usoni. Ile programu ilisikia watu wanaimba kwa pamoja na kugonga sakafu, ikaamua huo ni usumbufu ofisini. Ikaufuta wote. Ikabakiza maongezi.

"Umemfuta Gunnvør," mtu akasema kwa sauti ya chini.

Hanus akaweka mikono kichwani. Nilimwona machozi yanamlenga, mtu mzima yule.

Billa akanyoosha mkono, akamshika bega. "Usilie, mwanangu," akasema kwa sauti iliyokauka. "Mfalme mzima alijaribu kumwondoa, akashindwa."

Alikuwa bado hajamaliza, spika ikaanza kuongea.

Sauti ya mwanamume. Nzito, bapa, haipandi wala haishuki, kama mtu anayesoma taarifa ya mawimbi redioni.

Ilikuwa inasoma ubeti wa Gunnvør akiaga watoto.

Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Tukatazamana. Sauti ikaendelea mlango baada ya mlango, haina haraka, haikosei.

Vichwa vyote vikageuka kwa Tróndur. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wewe," Durita akasema. "Ulikuwa unaimba?"

"Chini chini," akasema Tróndur. "Samahani."

Mrefu vile, mdomo wake ulikuwa karibu na maiki kuliko wa mtu yeyote. Na ile mashine, iliyofuta kila aliyeimba, ilikuwa imemsikiliza Tróndur mwanzo hadi mwisho, ikaridhika kwamba huyu haimbi. Anaongea.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa sakafuni. Tróndur mwenyewe alicheka, mabega yanatetemeka. Hanus alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Kisha utenzi ukafika bandarini na kicheko kikakatika chenyewe.

Kwenye spika, sauti ile ilisema mstari wa kwanza wa dhoruba. Ikasubiri. Ikasema, "Taratibu, Billa. Bado yuko bandarini. Kamba inafunguliwa." Ikarudia mstari ule. Ikarudia tena. Kisha ubeti ukaenda.

Nikaelewa Billa alivyorudi.

Na dhoruba yote ilikuwepo. Hata zile beti alizoziruka kwenye harusi.

"Tangu lini unazijua zote?" nikamuuliza.

Tróndur akakuna shingo. "Niliambiwa nisiimbe, Elspa. Sasa nimesimama pale, nifanye nini? Nikawa namsikiliza yeye."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Alikuwa anaziimba yeye. Mimi niseme nini?"

Billa alikuwa amefumba macho. Tukadhani amelala.

"Sauti mbaya hivyo," akasema. "Hanus, hebu rudia pale pa dhoruba."

Hayo yamepita sasa. Billa hamkumbuki tena Gunnvør, na siku nyingine hanikumbuki mimi. Lakini ukimweka kwenye duara, mkono wake wa kulia ndani ya mkono wa Tróndur, miguu inakwenda yenyewe. Tróndur ndiye anayeongoza. Anaongoza vibaya sana. Sisi tunamfunika na kiitikio, na vijana wameanza kuzishika beti.

Watu wananiandikia kuniuliza wanunue maiki gani, programu gani. Wanangu, mimi sijui. Hanus anajua, muulizeni yeye, na atawachosha.

Ninachowaambia ni hiki. Kabla hujafungua pochi, mtazame aliyesimama kando ya mwimbaji miaka yote bila kutoa sauti. Mpe kahawa, mkalishe, muulize alikuwa anasikia nini.