Mama Mkwe na Sehemu ya Tano

Niliolewa Handeni nikitokea milimani, Usambara, ambako maji hupita nyuma ya nyumba yakiimba. Huku chini hayakuimba. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kwedizinga, kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari kama maandishi ya daftarini, lakini bwawa lilibaki palepale lilipokuwa zamani, mbali. Mume wangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Mazinde, akirudi mwisho wa mwezi. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe wangu, na kilichotupatanisha ni vitabu.

Vilikuwa vitabu vyembamba vya hadithi moja ndefu, iliyotolewa sehemu kwa sehemu. Mume wangu alivinunua Korogwe, kwenye stendi ya mabasi. Ndani yake fundi baiskeli mmoja alikuwa ameunda chombo cha kurukia angani kwa pipa la mafuta, minyororo ya baiskeli na hirizi ya bibi yake, akawa anazunguka nyota hadi nyota na mbuzi beberu anayesema. Beberu ndiye aliyejua hesabu. Fundi alijua kukaza nati tu. Mama hakujua kusoma. Kwa hiyo kila alasiri, tukikaa barazani na mahindi ya kupukuchua, mimi nilisoma, naye akapukuchua fungu lake na langu.

Sehemu ya nne ndiyo iliyoniponza. Fundi alitua kwenye nyota ya watu wanaotembea kinyumenyume. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda bwawani mara mbili, shingo inaniuma, shetani akanigusa bega. Nikasoma, macho hayatoki kwenye ukurasa:

"Na sheria kuu ya nyota ile ilikuwa kwamba mkwe hateki maji zaidi ya mara moja kwa siku. Safari ya pili huenda mama mkwe mwenyewe, taratibu, ili anyooshe miguu."

Mama akaacha kupukuchua. "Imeandikwa hivyo?"

"Ndiyo, mama. Hapa."

"Nyota ina utaratibu hiyo," akasema, akaendelea na gunzi lake.

Kesho yake, safari ya pili, alichukua ndoo yeye, akaenda. Niliona aibu, lakini si aibu ya kunifanya nimwite arudi. Siku zilizofuata nikatunga sheria nyingine: kwamba nyotani mkwe haamshwi kabla jua halijapanda, na kwamba kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkwe. Nililala. Nilikula firigisi.

Wakati huo kulikuwa na masomo ya watu wazima kwenye ghala la kijiji. Mama alihudhuria kama wenzake, na kila nilipomwuliza wamefika wapi alijibu, "Bado tuko kwenye a, e, i." Walikaa kwenye a, e, i muda mrefu ajabu. Mimi wala sikushtuka.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaleta sehemu ya tano, akarudi kazini. Jaladani beberu alikuwa amesimama jukwaani, amevaa miwani. Nilikuwa nanyoosha mkono kukifungua kitabu, mama akakiwahi.

"Leo pumzika, mwanangu. Nitasoma mimi."

Nikacheka. Yeye akaweka kidole chini ya mstari.

"Fu-ndi a-ka-tu-a," akaanza, kisha akashika kasi. "Akatua kwenye nyota ambako mkwe mwongo hufungwa kwenye mkia wa beberu, akaburuzwa kijiji kizima, huku wazee wakipiga makofi."

Niliinama kuutazama ukurasa. "Imeandikwa hivyo, mama?"

"Ndiyo. Hapa."

Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya spana.

"Ile ya nne niliimaliza wiki iliyopita," akasema polepole. "Sheria ya maji nimeitafuta toka mwanzo hadi mwisho, nikarudi nayo kinyumenyume kama wale watu wake. Sikuiona. Firigisi nayo sikuiona."

Nilipiga magoti mkekani. "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mwandishi hakuweka jambo la maana hata moja kwenye nyota ile. Zako zilikuwa tamu zaidi." Akanitazama. "Ila firigisi, mwanangu, hapo ulipitiliza."

Akaanza yeye kucheka, mabega kwanza, kisha mwili mzima, nami nikacheka huku machozi yananitoka kwa hofu iliyokuwa bado haijatoka vizuri. Tulipotulia tukaanza kuisoma sehemu ya tano kama ilivyoandikwa, ukurasa wake, ukurasa wangu.

Na ilikuwa tamu, kuliko zote nne. Watu wa nyota ile walitafuta kiongozi, fundi akampendekeza rafiki yake. Kusikia tu kwamba anayegombea ni beberu, umati ukapiga kelele: hatutaki mabeberu, hatutaki kunyonywa! Mbuzi akapanda jukwaani, akasafisha miwani yake, akasema:

"Ndugu wananchi, mimi ni beberu wa kula majani. Sijanyonya tangu niache ziwa la mama yangu."

Mama aliusoma mstari huo mara tatu. Mara ya nne hakuweza kuumaliza, akalala ubavu juu ya magunzi.

Kesho yake, tulipotoka bwawani wote wawili, alikifunga kitabu ndani ya khanga akaenda nacho darasani. Nasikia mwalimu alikuwa amepanga somo la mbolea. Mama alisimama akaomba ruhusa asome kidogo, na kufika kwenye hotuba ya mbuzi, mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa chini na wanafunzi, anafuta macho.

Kitabu kilizunguka mikononi mwa darasa zima wiki mbili, kikarudi kimelegea mgongo, kina alama za vidole vya ugali. Kurasa za mwisho, ambazo tulikuwa bado hatujazifikia, nilizisoma nimesimama jikoni, mbiombio, mboga inaungua, maana mama alikuwa mlangoni anadai zamu yake.