Ugomvi wa Papa na Mungu

Sisi tuliokulia Wagenia, kando ya maporomoko, tulikuwa watu wa kelele. Maji yalinguruma kutwa, kwa hiyo hata salamu tulizipaza. Watoto wa siku hizi wanasali kwa vidole kwenye simu, amina yao ni kipicha cha mikono miwili. Sijui Mungu anawasikiaje.

Papa, baba yangu, alikuwa mvuvi wa vitunga, yale matenga makubwa yanayofungwa kwenye miti katikati ya maji. Mafuriko yaling'oa miti yake yote. Alisimamisha mingine, lakini kanisani akakataa kukanyaga tena. Kumbe kugombana na Mungu hakuacha. Akiwa juu ya miti, alimtungia mashairi na kumpigia kelele. Mimi nilimpelekea kwanga, ule mkate wa muhogo, na pondu, kisamvu cha Mama, nikakaa kwenye jiwe lenye kunuka samaki, nikasikiliza mpaka nikayashika kichwani. Niliyapenda sana.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, katekista alinichagua nikariri shairi la sifa. Nilikuwa na miaka tisa na nia moja tu: Papa arudi kanisani. Nikamwomba aje anisikilize. Shairi gani, sikumwambia.

"Bon, nitasikiya ku dirisha," akasema. "Ndani siingie."

Basi nikasimama mbele ya altari, nikapaza kama niko kwenye miti yake:

"Mungu, Weye iko na maji yote,
kitunga yangu iko mutupu.
Unajificha mu povu,
miye nakutafuta na mikono..."

Hapo nikasahau. Katekista akashika kichwa. Ndipo dirishani ikaja sauti ya Papa, nzito kama maporomoko:

"Kama nashindwa kukukamata, Weye unikamate!"

Padri alicheka mpaka akavua miwani. "Papa, ingiya basi. Amekukamata."

Papa akaingia, suruali inachuruzika maji. Mama akasogeza mkoba wake kwenye benchi bila kumtazama, naye akakaa. Furaha ya siku ile bado ninayo.

Leo kanisa lina vipaza sauti, na sisi tunanong'ona. Papa amezeeka, masikio hayasikii. Kila Jumapili namshika mkono hadi benchi ya mbele, naye anasali shairi lile kwa sauti ileile, vijana wanageuka na kucheka. Nawaacha wacheke. Siku hizi mstari wa mwisho anausahau yeye, na mimi ndiye ninayempigia kelele sikioni.