Programu Yangu Ilivyochanganya Wagonjwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Mpanda, niliiandikia hospitali programu ya Java ya kutoa kadi. Makarani wawili walipoanza kuitumia kwa wakati mmoja, taarifa za wagonjwa zikachanganyika. Nikaenda nimefura.

"Mama Stella, huoni unachoandika?" nikamfokea karani mbele ya wagonjwa.

Naye akawaka. "Kaa hapo, uandike mwenyewe!"

Nikaandika jina langu. Yeye, kwenye kompyuta ya pili, akaandika jina na hali ya dada mmoja wa mtaa wa Kawajense, aliyekuwa kwenye foleni. Tukabonyeza pamoja. Mpumbavu mimi, nilikuwa nimewawekea makarani wote wawili sehemu moja tu ya kuhifadhia taarifa, za huyu zikiingia kwa yule.

Kadi yangu ikatoka. Mama Stella akaisoma kwa sauti:

"Fundi Kalisti. Mjamzito, miezi saba."