Neno la Mfalme

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kanisa hapa Baraka, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakingali wanatawala. Mzungu wa misheni alimfundisha Kiebrania kidogo kidogo, amsaidie kutafsiri Maandiko. Siku moja alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu.

"Mama, kwa Kiebrania neno la mfalme ni *meleki*," aliniambia. "Ni mwenye kutawala. Lakini mahali pengine mzizi ule ule ni kufanya shauri. Muntu anakaa, anauliza roho yake, ndipo anaamua."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Nikaacha. Wiki ile chefu aliyewekwa na serikali alikuwa ameamuru tung'oe mihogo yote ya kando ya ziwa, tulime pamba. Hakumwuliza muntu.

"Utalisema kanisani?"

"Niseme ao niache?"

Nilisukuma ungo kando. Kisha nikasema, "Useme."

Jumapili chefu alikaa benchi la mbele, polisi wawili nyuma yake. Mume wangu alilifafanua neno taratibu, hakumtaja yeyote. "Asiyetafuta shauri anaweza kutawala," alisema, "lakini jina hili bado halijamfaa."

Chefu aligeuza shingo polepole, akaniangalia mimi, si mume wangu. Ibada ilipokwisha alitusalimia kwa tabasamu.

"Mwalimu, ile neno iko nzuri. Uniandikie."

Mume wangu akaandika pale pale, neno na maana yake. Nilitamani kuinyakua ile karatasi.

Siku nne zikapita kimya. Jirani aliyezoea kuja kuomba moto asubuhi hakuja tena. Siku ya tano polisi walifika na karatasi yetu, wakampandisha mume wangu Fizi, ofisini kwa administrateta, yule Mbelgiji mkubwa wa wilaya. Huko aliulizwa nani kamfundisha kwamba chefu si chefu. Mzungu wa misheni naye aliitwa. Alijibu kwamba yeye alifundisha sarufi tu.

Mume wangu walimpeleka mbali, upande wa Maniema, miaka miwili. Mihogo niling'oa kwa mikono yangu, na polisi wamesimama.

Alirudi amekonda, anakohoa. Sikuthubutu kumwuliza kama alijuta kunisikiliza. Kanisani alikaa nyuma, karibu na mlango. Mzungu alipomtumia daftari za kutafsiri, alizirudisha bila kuzifungua.